Alama iliyozikwa ndani ya picha: ipi hustahimili, ipi huvunjika

Nyanyua noti ya shilingi 1,000 ya Kenya, toleo la 2019, uielekeze dirishani. Pale penye weupe kitatokea kichwa cha simba. Hakuna wino uliomchora: karatasi ilifanywa nene hapa na nyembamba pale ilipokuwa bado rojo, na mwanga ndio unaomfichua. Watengeneza karatasi wa Fabriano, Italia, walikuwa wakifanya hivyo tangu 1282, ili ijulikane kila karatasi imetoka kwenye kiwanda gani. Simba huyo, yaani alama ya maji, hakwanguliki bila noti kuharibika.

Picha ya kidijitali haina unene wala wembamba. Ni namba tupu, na namba hunakiliwa mara elfu bila kuchakaa. Mwaka juzi niliingia duka moja nikakuta picha yangu ya mlango wa nakshi, niliyoipiga Mji Mkongwe, imechapwa kwenye kalenda ya ukutani. Nembo yangu ilikuwa kona ya chini kulia. Waliotengeneza kalenda walikata ukanda wa upana wa vidole viwili chini ya picha, nembo ikaenda na ukanda. Sikuwa na la kuonyesha zaidi ya hasira. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kuhusu alama za maji za kidijitali, na nilichojifunza kwanza ni kwamba wengi wetu tunauliza swali lisilofaa. Tunauliza "mbinu ipi ni bora?" kabla ya kujiuliza alama hiyo tunaitaka ifanye kazi gani.

Kazi zenyewe hazifanani. Mfugaji humchoma ng'ombe chapa ya moto kwa sababu anataka chapa ibaki hata ng'ombe akiibwa, akavushwa mto na kuuzwa mnada wa mbali. Karani naye huifunga bahasha kwa lakiri kwa sababu anataka lakiri ivunjike mtu akiifungua tu. Chapa ikivunjika kirahisi haina faida. Lakiri isipovunjika haina faida. Alama za picha nazo zimegawanyika hivyo hivyo, na anayeilaumu lakiri kwa kuvunjika hajaielewa.

Juu ya hapo kuna mvutano wa mambo matatu ambao hakuna mbinu iliyowahi kuukwepa. Unataka alama isionekane, unataka istahimili misukosuko, na unataka ibebe taarifa nyingi. Ukivuta upande mmoja, mwingine unapungua. Kila mbinu nitakayoieleza ni namna mojawapo ya kugawana umaskini huo.

Nembo inayoonekana nitaipitia kwa haraka. Ina faida moja ya kweli: inamwambia mtazamaji papo hapo kuwa picha ina mwenyewe. Ikiwekwa kona hukatwa. Ikiwekwa katikati, kwa wino hafifu, inasumbua jicho la mnunuzi, na bado haiko salama. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kuwa kampuni zinazouza picha, kwa kuweka nembo ileile, mahali palepale, kwenye maelfu ya picha, zinaipa kompyuta kila inachohitaji ili kuifuta. Kompyuta hutazama picha nyingi kwa pamoja, ikatafuta kile kinachojirudia kwenye zote, ikakijua sawasawa, kisha ikakitoa. Dawa waliyoipendekeza ni kuipinda nembo kidogo, kwa namna tofauti, kwenye kila picha. Mwenye kuendelea kutumia nembo ya kuonekana na azingatie hilo: asiibandike kama muhuri wa ofisi, ileile siku zote.

Tuje kwenye alama fiche, ambako ndiko kwenye utajiri wa jambo hili.

Mbinu ya kwanza kabisa mtu anayoweza kuifikiria ni kuficha taarifa kwenye tarakimu isiyo na uzito. Kila pikseli, yaani kila nukta, ya picha ya kawaida ina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Chukua namba 182. Kompyuta huiandika kwa biti nane: 10110110. Ukiigeuza biti ya mwisho kutoka 0 kuwa 1, unapata 10110111, yaani 183. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kutofautisha wekundu wa 182 na wa 183. Basi unaweka biti moja ya siri kwenye kila namba. Picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 ina namba milioni tatu, hivyo inabeba biti milioni tatu, sawa na baiti 375,000. Humo kinaingia kitabu kizima. Watafiti wa Australia waliofanya kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tirkel akiwa miongoni mwao, ndio walioanza kuiita alama ya maji ya kielektroniki.

Kwa kipimo kinachotumika sana cha ubora wa picha, kile kinacholinganisha picha halisi na iliyopachikwa alama na kutoa jibu kwa desibeli, mbinu hii hupata alama za juu. Ukijaza biti zote za mwisho, takriban nusu ya namba zitabadilika kwa 1, na hesabu inakupa desibeli 51 hivi. Kwa kawaida ukizidi 40 jicho halioni kitu. Kwa hiyo haionekani, na inabeba mzigo mkubwa.

Inachoshindwa ni kustahimili. Mtumie rafiki yako picha hiyo kwa WhatsApp. Programu itaipunguza ukubwa na kuibana upya, na katika kubanwa ile 183 huenda ikawa 181 au 185. Biti za mwisho zote zinakuwa chengachenga, kama runinga ya zamani isiyoshika stesheni. Alama imekufa, na hakuna aliyekusudia kuiua.

Hapo ndipo lakiri inapopata kazi yake. Hospitalini, kwenye picha ya eksirei, au mahakamani, kwenye picha ya kielelezo, unataka kujua kama kuna mkono uliogusa. Alama dhaifu, iliyotandazwa kwenye biti za mwisho na kufungwa kwa ufunguo wa siri, itavunjika pale tu palipoguswa, nawe unaweza kuonyesha kwa kidole: kipande hiki cha kifua kimebadilishwa. Daktari naye ana haki ya kulalamika kwamba hata 182 kuwa 183 hakutaki kwenye eksirei ya mgonjwa wake. Kwa ajili yake iko mbinu ya kurejesheka, aliyoichapisha Jun Tian mwaka 2003, na mimi naiona ni miongoni mwa hesabu nzuri kuliko zote katika fani hii. Chukua pikseli mbili jirani, 100 na 96. Wastani wake ni 98, tofauti yake ni 4. Izidishe tofauti mara mbili, ongeza biti yako ya siri, tuseme 1: unapata 9. Andika upya pikseli mbili zenye wastani uleule wa 98 (nusu inayozidi huachwa) na tofauti ya 9: ni 103 na 94. Anayesoma anapata tofauti 9. Ni witiri, kwa hiyo biti ilikuwa 1. Anaitoa, anagawa kwa mbili, anarudi kwenye 4, na pikseli zinarudi 100 na 96 kama zilivyokuwa. Alama imesomwa, picha imerudi ilivyozaliwa, hakuna hata nukta iliyopotea. Kwa kalenda yangu isingenifaa chochote. Kwa mgonjwa ni amana.

Sasa chapa ya ng'ombe. Ili uielewe, tazama tena picha ya ule mlango. Ukipita kwa jicho juu ya ukuta wa chokaa kutoka kushoto kwenda kulia, weupe unabadilika polepole. Hayo tuyaite masafa ya chini. Ukifika kwenye nakshi, mwanga na kivuli vinapishana haraka haraka, kila jani na kila mnyororo uliochongwa. Hayo ni masafa ya juu. Picha yoyote inaweza kuelezwa kwa lugha hiyo, ya mawimbi ya polepole na ya haraka yaliyochanganywa kwa vipimo, kama taarabu inavyoweza kuelezwa kwa kiasi cha besi na kiasi cha fidla.

JPEG, njia ya kubana picha iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, hufanya kazi yake kwa lugha hiyo. Huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, hivyo kila kipande kina namba 64, kisha kwa hesabu ya kosaini huzigeuza kuwa namba nyingine 64: ya kwanza ni wastani wa kipande, zinazofuata ni mawimbi ya polepole, za mwisho ni ya haraka kabisa. Halafu huzigawanya na kuzikadiria kwa namba nzima. Katika jedwali la mfano la kiwango hicho, namba ya kwanza hugawanywa kwa 16, ya mwisho kwa 99. Wimbi la haraka lenye ukubwa wa 30, likigawanywa kwa 99, linakuwa sifuri. Limetupwa. Jicho halijali, kwa kuwa haliyaoni vizuri mawimbi ya haraka.

Kwa hiyo aliyeficha alama yake kwenye mawimbi ya haraka, akidhani ni werevu kujificha pasipoonekana, amejificha ndani ya pipa la taka. JPEG inapitia na kulimwaga.

Waliogeuza wazo hili juu chini ni Ingemar Cox, wa maabara ya kampuni ya NEC huko Marekani, na wenzake watatu, katika makala yao ya mwaka 1997. Walisema: weka alama pale penye uzito mkubwa kwa jicho, ili anayetaka kuitoa alazimike kuiharibu picha yenyewe. Walichukua picha nzima, wakaigeuza kwa kosaini, wakachagua namba 1,000 kubwa kuliko zote baada ya kuiacha ile ya wastani, na kila moja wakaiongeza au kuipunguza kidogo kufuatana na orodha ya namba 1,000 za kubahatisha zilizo siri ya mwenye picha. Namba ya 300, ikikutana na 0.8 kwenye orodha, inaongezeka kwa sehemu ya kumi ya 0.8 yake na kuwa 324. Kwa wimbi la ukubwa huo, badiliko hilo halionekani.

Nguvu yake iko kwenye wingi. Mtu mmoja akinong'ona sokoni humsikii. Watu 1,000 wakinong'ona beti moja kwa pamoja, na wewe unaijua beti hiyo, utaisikia hata soko lipige kelele. Kitambuzi, yaani programu inayosoma alama, hulinganisha orodha iliyotolewa kwenye picha inayoshukiwa na orodha ya siri, na kutoa namba moja ya kufanana. Orodha ngeni ikiletwa, namba hiyo huelea karibu na sifuri na kwa nadra mno huvuka 4 au 5. Orodha ya kweli ikiletwa kwenye picha isiyoguswa, hupanda hadi karibu 32. Misukosuko huishusha kutoka 32, lakini kuna nafasi kubwa ya kushuka kabla ya kuchanganyikana na wageni. Waliijaribu picha yao kwa JPEG ya ubora wa asilimia 5 tu, wakaichapa, wakaitoa fotokopi, wakaiskani upya. Alama ilisomeka.

Kasoro yake ni kwamba kitambuzi kinahitaji picha halisi iwepo ili kuitoa kwenye inayoshukiwa. Kwa mpiga picha mwenye kesi moja mkononi hilo si tatizo, faili analo. Kwa mtu anayetaka mashine ipekue intaneti nzima, haiwezekani, kwa sababu mashine haijui ianze na picha halisi ipi.

Ndiyo maana zikaja mbinu zisizohitaji picha halisi. Ninayoipenda ni ya Brian Chen na Gregory Wornell wa MIT, ya mwaka 2001. Chagua hatua, tuseme 20. Namba zilizo 0, 40, 80 na kuendelea hivyo zimaanishe biti 0. Namba zilizo 20, 60, 100 zimaanishe biti 1. Una wimbi la ukubwa wa 47 na unataka kuficha 1: lisogeze mpaka 60. Ulitaka kuficha 0? Lisogeze mpaka 40. Msomaji hana haja ya kujua kuwa lilikuwa 47. Likimfikia likiwa 53 kwa sababu ya kubanwa, anaona liko karibu zaidi na 60 kuliko 40, anasoma 1. Alama itavumilia mtikisiko wowote usiofika 10, nusu ya hatua. Ukitaka ivumilie zaidi, panua hatua. Ukiipanua, jicho litaanza kuona. Ule mvutano wa mambo matatu umekaa wote ndani ya namba hiyo moja, na unaweza kuuzungusha kama kitasa cha redio.

Vijiwimbi ni ndugu wa karibu wa mbinu hizi. Badala ya kuikata picha vipande vya 8 kwa 8, huigawa katika nakala ndogo iliyofifia na tabaka tatu za kingo: za mlalo, za wima na za mshazari, kisha nakala ndogo nayo ikagawanywa tena. Faida yake ni kwamba vijiwimbi vinajua mahali. Vinakuambia kuwa msongamano wa mistari uko hapa kwenye nakshi na ukuta kule ni mtupu, hivyo unaweza kukaza alama kwenye nakshi, ambako jicho limezidiwa na mambo ya kutazama, na kuilegeza kwenye chokaa. Picha zangu nyingi zina anga kubwa na bahari tulivu. Hizo ni maskini wa maficho, na hakuna fomula itakayozitajirisha.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Ukitafuta makala za kitaaluma zinazolinganisha mbinu hizi, utakuta nyingi mno zinazochanganya vijiwimbi na mbinu ya kuichambua jedwali la namba kwa kulivunja katika sehemu tatu, mbili za umbo na moja ya thamani chache zilizo imara. Wazo hilo lilienea baada ya 2002. Majedwali ya matokeo yanapendeza: picha ikibanwa, ikizungushwa, ikimwagiwa chengachenga, nembo inatoka safi. Lakini soma kwa makini hatua ya kutoa nembo. Katika mbinu nyingi za aina hiyo, kinachopachikwa kwenye picha ni zile thamani chache tu, na sehemu mbili za umbo la nembo huwekwa nyumbani kwa mwenyewe kama ufunguo. Wakati wa kutoa, anazirudisha. Na umbo la nembo liko kwenye sehemu hizo mbili. Ni kama mganga anayechimbua hirizi chini ya kitanda chako, kumbe aliingia nayo mkononi. Watafiti kadhaa walilionyesha hilo zamani: mpe kitambuzi picha isiyopachikwa chochote, bado nembo itatoka. Ushahidi unaomtia hatiani kila mtu haumfai mtu yeyote. Ukikuta mtu anauza mbinu ya namna hiyo, muombe akuonyeshe matokeo kwenye picha tupu.

Kubana si adui mkubwa kuliko wote. Adui mkubwa ni kusogeza. Mwaka 1998 Fabien Petitcolas, Markus Kuhn na Ross Anderson wa Cambridge walieleza programu iitwayo StirMark. Iliipinda picha kidogo mno, kana kwamba imechapwa kisha ikaskaniwa bila kulazwa vizuri: kona hii imesogea kidogo, katikati pamevimba kidogo. Mtazamaji haoni tofauti. Kitambuzi, kinachotarajia kukuta kila wimbi mahali pake, kinapotea kama msomaji ambaye kitabu chake kimechanganywa kurasa. Walionyesha pia hila nyingine ya kushangaza kwa wepesi wake: kata picha vipande vidogo vidogo, vipange sambamba kwenye ukurasa wa wavuti visionekane maungio. Msomaji anaona picha moja. Mashine inayopekua intaneti inaona vipande vingi, kila kimoja kidogo mno kubeba alama.

Kuna na swali la mahakama. Scott Craver na wenzake walilieleza mwaka 1998, na linapaswa kumsumbua kila mwenye kutegemea alama peke yake. Mwizi anachukua picha yako iliyokwisha kupachikwa alama. Badala ya kuitoa alama yako, anatunga alama yake na kuitoa kwenye picha hiyo kwa hesabu. Kinachobaki anakiita "picha halisi" yake. Sasa picha iliyoko hadharani, ikilinganishwa na "picha halisi" yake, inaonyesha alama yake. Ikilinganishwa na yako, inaonyesha yako. Nani alitangulia? Alama haiwezi kujibu. Dawa iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kuitunga alama yenyewe kutokana na picha halisi kwa hesabu isiyorudi nyuma, ili mwizi asiweze kuitunga kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ya pili ni tarehe iliyoshikwa na mtu mwingine asiye wewe. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara na KECOBO kwa Kenya, husajili kazi za sanaa, na kwa kesi ya namna hii usajili huo una uzito ambao desibeli hazina.

Tangu 2018 kazi imehamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza zenyewe kwa mifano. Badala ya mhandisi kuchagua wimbi la kusogeza, hufundishwa mashine mbili kwa pamoja: moja inapachika, nyingine inasoma, na kati yao unawekwa msukosuko wa kukusudia, kubana, kukata, kufifisha. Zikishindwa zinajirekebisha, mpaka zinapata lugha yao wenyewe inayopita kwenye dhoruba. Mfumo wa HiDDeN wa 2018 ndio ulioifungua njia hiyo. StegaStamp, kutoka Berkeley, ulikwenda mbali zaidi: picha inachapwa kwenye karatasi, mtu anaipiga kwa kamera ya simu kutoka pembeni, na biti 56 zinasomeka. Zilinganishe na zile milioni tatu za mwanzo, uone bei ya kustahimili. Lakini 56 zinatosha: zinatoa namba za utambulisho nyingi kuliko picha zote nilizowahi kupiga na nitakazopiga. Kwa kalenda ile, hii ndiyo ingenifaa.

Picha zinazotungwa na akili mnemba zimelileta swali upande wa pili: sasa si mpiga picha anayetaka kuthibitisha picha ni yake, ni umma unaotaka kujua kuwa picha haikupigwa na mtu. Google DeepMind ilitangaza alama yake fiche, SynthID, Agosti 2023. Meta na watafiti wa Ufaransa walitoa Stable Signature mwaka huohuo, yenye biti 48, ambapo mashine inayotunga picha hufundishwa kutia alama katika kutunga kwenyewe, bila hatua ya ziada inayoweza kufutwa kwenye programu. Chuo Kikuu cha Maryland kilileta Tree-Ring, ambayo huchora duara ndani ya duara kwenye masafa ya chengachenga za mwanzo ambazo picha itatungwa kutokana nazo. Alama inakuwa ndani ya mpangilio wa picha, si juu yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 kuhusu akili mnemba nayo inataka kazi za namna hiyo ziwekewe alama inayosomeka na mashine.

Akili mnemba hiyohiyo imekuwa nyundo. Mwaka 2023 ilionyeshwa kuwa ukiimwagia picha chengachenga, kisha ukaiomba mashine ya kutunga picha iisafishe, inakurudishia picha inayofanana na ile, na alama ndogo zilizotandazwa kwenye pikseli zinakuwa zimeoshwa. Tree-Ring ilivumilia vizuri kuliko nyingine kwa sababu alama yake imefungamana na mpangilio mzima wa picha. Cox na wenzake walikuwa wamelisema hilo mwaka 1997 kwa maneno mengine: zika pale ambapo kuchimba kunaharibu shamba.

Wapo watakaokuambia uache yote haya, utumie taarifa za faili zilizotiwa saini ya kidijitali, kama zinavyosimamiwa na C2PA, muungano ulioundwa 2021 na kampuni zikiwemo Adobe na Microsoft pamoja na BBC. Leica ilitoa kamera inayotia saini hiyo mwaka 2023. Ni kazi njema, na inaeleza mengi ambayo biti 48 haziwezi: nani, lini, ilihaririwa vipi. Lakini taarifa hizo zimeandikwa kwenye bahasha. Skrinshoti moja, na bahasha inabaki mezani. Ni bora kuvitumia pamoja, saini kwenye faili na namba fupi ndani ya picha inayoelekeza kwenye saini iliyohifadhiwa kwingine.

Mimi nimeacha kusoma majedwali ya majaribio yaliyofanywa kwenye picha zilezile chache za maabara. Kabla ya kuiamini programu yoyote ya kupachika alama, nachukua picha zangu tatu: mlango wa nakshi, ngalawa kwenye maji tulivu, na uso wa bibi mmoja wa Nungwi aliyeniruhusu kumpiga akisuka ukili. Nazitia alama. Najitumia kwa WhatsApp, nazipakua, najitumia tena. Napiga skrinshoti. Nakata robo ya chini. Nazungusha kwa digrii moja tu. Mwisho nachapa ya A4 kwenye duka la steshenari, naibandika ukutani na kuipiga kwa simu nikiwa nimesimama pembeni kidogo. Kila hatua nampa kitambuzi asome, na kila mara namchanganyia picha mbili ambazo sikuzitia chochote, nione kama atazisingizia. Ngalawa ndiyo huanguka kwanza, karibu kila mara, kwa sababu ya yale maji. Faili ghafi za zote tatu ziko kwenye diski mbili, moja nyumbani na moja kwa dada yangu.